Serikali idhibiti ushindani wa kampuni za TV au iache soko lijiendeshe? Tuweke njia zote pembeni kwa pembeni

Kila bei ya vifurushi ikipanda, au ligi fulani ikihamia kwenye king'amuzi kingine, mjadala unakuwa uleule, wengine wanataka serikali iwabane hawa jamaa na wengine wanasema acha soko liamue, asiyetaka asilipie. Mi naona pande zote mbili zinaongea kama vile kuna njia mbili tu, kubana au kuachia, kumbe ukiangalia nchi ambazo zimehangaika na hili jambo kwa miaka arobaini hivi utakuta njia ni kama nne, na matokeo yake yanatofautiana sana.

Njia ya kwanza ni kuachia kabisa, kampuni zipambane zenyewe. Ya pili ni serikali kupanga bei, yaani mdhibiti anasema kifurushi hiki kisizidi hapa. Ya tatu ni kulazimisha milango iwe wazi: mwenye chaneli asiwanyime wapinzani wake, haki za mpira zisifungiwe kwa mmoja, king'amuzi kisiwe mtego wa kumfunga mteja. Ya nne ni kutumia sheria ya kawaida ya ushindani, kesi kwa kesi, hasa kampuni zikitaka kuungana. Nisiwazungushe, mi nipo na ya tatu, na ya nne iwe msaidizi wake. Kupanga bei siungi mkono isipokuwa sehemu moja tu nitakayoisema mbele, na kuachia kabisa naona ni kumtupa mteja. Ila twende tulinganishe, usichukue tu neno langu.

Kwanini TV siyo biashara ya kuachia tu

Watu wa soko huria wana hoja nzuri sana kwenye biashara nyingi, mtu akiuza ghali mwenzake atafungua jirani auze rahisi. Kwenye TV ya kulipia hesabu zinakataa. Kurusha setelaiti au kupitisha nyaya mtaani kunakula pesa nyingi mno kabla hujapata mteja hata mmoja, halafu ukishajenga, kumuongeza mteja mmoja hakugharimu karibu chochote. Kwahiyo anayewahi kuwa mkubwa anazidi kuwa mkubwa, na wawili wakilingana wanachinjana kwa hasara mpaka mmoja achoke au waungane.

Na mara nyingi wanaungana. Uingereza, Sky ilianza Februari 1989, BSB ikaja mwaka uliofuata, wote wakawa wanamwaga pesa kama maji na ilipofika Novemba 1990 wakaungana ikazaliwa BSkyB. Italia walikuwepo Telepiù na Stream, 2003 wakawa kitu kimoja, Sky Italia. Ufaransa, Canal+ na TPS, 2006 wakaruhusiwa kuungana. Hispania nayo ilipita hukohuko miaka hiyohiyo. Sasa ukisema "acha soko liamue", mi nakujibu kwamba soko mara nyingi limeshaamua na uamuzi wake ni kampuni moja ya setelaiti kwa nchi nzima. Baada ya hapo hakuna anayeshindana na mwenzake, mteja anabaki na chaguo la kulipa au kuzima TV.

Jambo la pili ni maudhui. Unga wa kampuni hii na wa kampuni ile unaweza ukabadilisha, ila mechi ya ligi haina mbadala wake, ukiikosa umeikosa. Mwenye haki za mechi anashika mlango ambao mpinzani hawezi kuuzunguka hata awe na setelaiti nzuri kiasi gani, hata awe na bei ya chini kuliko wote.

Kuachia ukilinganisha na kupanga bei

Hapa Marekani inatusaidia sana kwasababu walijaribu zote mbili ndani ya miaka michache, kwa wateja walewale na nyaya zilezile. Sheria ya mwaka 1984 iliondoa udhibiti wa bei kwa sehemu kubwa ya kampuni za kebo, ikaanza kufanya kazi mwishoni mwa 1986. Wakati huo karibu kila mji ulikuwa na kampuni moja tu ya kebo. Bei zikapanda haraka kuliko mfumuko wa bei wa kawaida, malalamiko yakajaa, mpaka Bunge likapitisha sheria mpya 1992 na Rais Bush mkubwa alipoikataa kwa kura ya turufu Bunge likaipitisha kwa nguvu juu ya kichwa chake, ndo ilikuwa mara pekee katika urais wake wote kura yake ya turufu kuvunjwa. Hebu fikiria hasira ya wananchi ilikuwa imefika wapi.

Haya, serikali ikaingia. Mdhibiti wao FCC akaagiza bei zishuke, 1993 kwa asilimia 10 hivi, mwaka uliofuata akaongeza ikafika asilimia 17. Ukisoma hapo unasema safi, imeisha. Haikuisha. Kampuni zikapangua chaneli, hii ikatolewa kwenye kifurushi kinachodhibitiwa ikapelekwa kwenye kisichodhibitiwa, huku bei ya hiki ikipunguzwa na ya kile ikiongezwa, na wapo wateja waliojikuta bili imepanda baada ya agizo la kushusha bei. Mdhibiti akawa anakimbizana na vifurushi maelfu kwa maelfu, kila mji na mpangilio wake. Kufika 1996 sheria nyingine ikapita iliyosema udhibiti wa vifurushi vya juu uishe tarehe 31 Machi 1999. Ukaisha.

India nao wamepita hapo juzi tu. TRAI, mdhibiti wao, alitoa kanuni 2017 zikaanza kutumika rasmi Februari 2019, mteja achague chaneli mwenyewe, kila chaneli iwe na bei yake iliyotangazwa, na ada ya msingi isizidi rupia 130 kwa chaneli 100. Wazo lilikuwa zuri na mi bado naamini sehemu ya kutangaza bei ya kila chaneli ilimsaidia mteja kujua analipia nini. Lakini kwenye kikomo cha bei ndo vurugu ilipokuwa. Kwa chaneli kuruhusiwa kuwekwa ndani ya kifurushi bei yake isizidi rupia 19, marekebisho ya 2020 yakasema 12, kesi mahakamani, 2022 ikarudi 19, halafu 2024 kikomo cha ile ada ya msingi chenyewe kikaondolewa. Miaka yote hiyo mteja anaambiwa chagua upya, panga upya.

Kwahiyo ukiniuliza kuachia au kupanga bei, nakwambia yote mawili yanamkosa mteja kwa njia tofauti. Kuachia kunamuacha mikononi mwa mmoja, kupanga bei kunamuacha huyohuyo mmoja mahali pake ila anapewa sababu ya kucheza na mpangilio wa vifurushi. Bei ni dalili jamani. Ukiibana bei bila kugusa kinachomfanya mtu asiweze kuhama, kampuni itatafuta pa kutokea, itapunguza chaneli au itapandisha ada ya kukodi king'amuzi.

Canada walikuwa na akili kidogo hapa, 2016 waliagiza kila kampuni iwe na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 na baadaye mwaka huohuo mteja aweze kuongeza chaneli mojamoja. Kwahiyo walidhibiti sakafu tu, juu wakaacha. Kasoro yake ni kwamba zile dola 25 hazikuhusisha kifaa, na kifaa ndo hapo utakapokutana na bei nyingine.

Milango wazi, na hapa nitakaa zaidi

Ile sheria ya Marekani ya 1992 ilikuwa na kipande kingine ambacho watu hawakukitilia maanani kama bei. Kilisema kampuni ya kebo inayomiliki pia chaneli isiwanyime wapinzani hizo chaneli wala kuwauzia kwa masharti ya kuwaumiza. Wakati huo makampuni ya kebo yalikuwa na hisa kwenye chaneli nyingi kubwa, hata CNN kupitia kampuni mama yake Turner. Ingekuwa ni kuachia, mtu anayeanzisha TV ya dishi angeanza bila chaneli ambazo watu wanazijua, na nani atanunua dishi lisilo na hizo? Basi 1994 DirecTV ikaanza, 1996 Dish ikafuata, wakaenda moja kwa moja mpaka vijijini ambako kebo haikufika. DirecTV peke yake ilikuja kufikisha wateja zaidi ya milioni 20. Kile kipande cha kurasa chache kilileta ushindani ambao zile kanuni zote za bei hazikuuleta, kwasababu sasa kampuni ya kebo ikipandisha bei mtu anapiga simu kwa fundi dishi.

Na ukitaka ushahidi wa upande wa pili, angalia Philadelphia. Kanuni ilihusu chaneli zinazorushwa kwa setelaiti, ikaacha zile zinazosafirishwa kwa nyaya za ardhini. Kampuni ya kebo ya Comcast ilikuwa na chaneli ya michezo ya mji ule iliyokuwa inapita ardhini, ikakataa kuwauzia watu wa dishi. Matokeo yake timu za nyumbani hazionekani kwenye dishi, na wateja wa dishi wakawa wachache pale kuliko ilivyotarajiwa ukilinganisha na miji mingine, FCC yenyewe ikaliona hilo na 2010 ikaenda kuuziba huo mwanya. Nchi moja, dishi zilezile, tofauti ni mlango mmoja tu uliofungwa.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, ambapo milango wazi ina aina mbili na watu wanazichanganya sana. Aina ya kwanza ni kugawa haki, mmoja asichukue zote. Ya pili ni kumlazimisha aliyechukua awauzie wenzake kwa jumla. Zinaonekana ndugu ila kwa mtazamaji ni mbali kama mbingu na ardhi.

Premier League tangu ianze 1992 mechi za moja kwa moja zilikuwa za Sky peke yake. Tume ya Ulaya ikabana, 2006 ligi ikakubali mechi ziuzwe kwa mafungu sita na mnunuzi mmoja asibebe yote. Msimu wa 2007 kampuni nyingine ya TV ya michezo, Setanta, ikaingia na mafungu mawili. Kwenye karatasi ushindani umekuja. Nyumbani kwa shabiki, aliyekuwa anaona kila mechi iliyorushwa kwa kulipia sehemu moja sasa analipia sehemu mbili. Setanta ya Uingereza ikafilisika Juni 2009. Baadaye ikaja kampuni ya simu ya BT, na ushindani wa kununua ukawa mkali kiasi kwamba haki zilizouzwa kama pauni bilioni 1.7 kwa miaka mitatu kwenye mnada wa 2006, zikafika bilioni 5.136 kwenye mnada wa 2015. Wachezaji wamenufaika, vilabu vimenufaika. Anayelipia kifurushi ndo aliyebeba.

Aina ya pili waliijaribu pia, 2010 mdhibiti Ofcom akaiagiza Sky iwauzie wapinzani chaneli zake mbili kuu za michezo kwa bei ya jumla aliyoipanga. Hapa mtazamaji habadilishi wala kuongeza king'amuzi, anabaki kwa kampuni yake na mechi zinamfuata hapo, na kampuni zinashindana kwa huduma, kwa kifaa, kwa jinsi wanavyopokea simu. Kesi zikawa nyingi, agizo likaondolewa 2015. Mi bado nasema kati ya hizo mbili hii ya kuuza jumla ndo rafiki wa mtazamaji, ya kugawa ni rafiki wa muuzaji wa haki, na serikali ikija kutangaza "tumevunja ukiritimba wa mpira" swali la kwanza la kuuliza ni hilo, mmegawa au mmelazimisha jumla?

Kuna na kesi ya mwenye baa wa Portsmouth aliyekuwa anaonyesha Premier League kwa kadi ya dekoda ya Ugiriki kwasababu ilikuwa rahisi zaidi. 2011 Mahakama ya Ulaya ikasema kukataza watu kununua kadi ya nchi nyingine ya Umoja huo ni kinyume na soko huru, ingawa mambo ya hakimiliki ya nembo na vipande vya matangazo yakabaki na masharti yake. Naileta hapa kwasababu inaonyesha kitu watu wa soko huria huwa hawakisemi: aliyekuwa anazuia soko pale ni mikataba ya kampuni na ligi, serikali haikuwemo.

King'amuzi

Hili linaonekana dogo ila ndo linamshika mteja kila siku. Ukihama kampuni unatupa kifaa, unanunua kingine, unamlipa fundi tena. Ulaya 1995 walitoa agizo kwamba mwenye mfumo wa kufungia chaneli auruhusu kwa watangazaji wengine kwa masharti ya haki na bila ubaguzi, hilo lilisaidia watangazaji. Marekani sheria ya 1996 ilitaka mteja aweze kununua kifaa chake dukani, ila kwa vitendo ikashindikana, kufika 2015 uchunguzi wa maseneta wawili ulionyesha asilimia 99 ya wateja wanakodi kifaa kwa kampuni yao na kaya moja inalipa wastani wa dola 231 kwa mwaka kwa kukodi tu. 2016 FCC ikapendekeza kufungua hilo soko, kampuni zikapiga kelele, likafa kabla ya kupigiwa kura ya mwisho. Kwangu mimi hiki ndo kipimo kizuri cha serikali kama kweli inajali ushindani au inajali kuonekana, kwasababu kushughulikia king'amuzi hakuna shangwe kama kutangaza bei imeshushwa.

Njia ya nne, kesi kwa kesi

Faida yake ni kwamba haimsumbui asiye na kosa. 2002 DirecTV na EchoStar wenye Dish walitaka kuungana wakakataliwa, vinginevyo watu wa vijijini wangebaki na dishi moja. Hasara yake ni kwamba inachelewa, na mahakama inaweza kuona tofauti, kama 2018 serikali ya Marekani iliposhindwa kuzuia kampuni ya simu na TV ya AT&T kuinunua Time Warner yenye chaneli kama CNN. Na ukiruhusu kwa masharti lazima uwe na mtu wa kuyafuatilia. Ufaransa waliruhusu Canal+ na TPS wakiwa na masharti 59, ilipofika 2011 mamlaka ya ushindani ikaona baadhi hayakutimizwa, ikaifuta ile ruhusa na kupiga faini ya euro milioni 30. Vizuri, lakini TPS ilishamezwa na kusagika miaka mitano nyuma, huwezi kuifufua.

Hofu ambayo siyo ya kupuuzwa

Kuna hoja moja ya wanaopinga serikali kuingia ambayo naiheshimu kuliko zote, na haihusu bei. TV inabeba habari. Ukimpa mtu mmoja serikalini uwezo wa kusema kampuni hii ipate chaneli, ile ipunguziwe, huyu leseni yake tuiangalie upya, umempa fimbo ya kuwanyamazisha wanaoisema serikali, na ataitumia kwa jina la ushindani. Inakuwa mbaya zaidi pale ambapo serikali yenyewe ina shirika lake la utangazaji linalogombea watazamaji na matangazo ya biashara, yaani refa ana timu uwanjani.

Ila ukiitazama vizuri hofu hii haizigusi njia zote sawasawa. Kupanga bei kunahitaji maamuzi kila mwezi, kampuni kwa kampuni, na kila uamuzi ni nafasi ya kupendelea au kukomoa. Milango wazi inaweza kuandikwa kama kanuni moja kwa wote: unayemiliki chaneli na njia ya kuisambaza, uwauzie wengine kwa masharti yaleyale unayojiuzia mwenyewe. Hapo afisa ana nafasi ndogo ya kuchagua nani aumie. Na anayeamua mambo ya ushindani asiwe ndiye anayeamua habari gani ni mbaya, ofisi mbili tofauti, sababu ziandikwe, na mtu aweze kukata rufaa mahakamani matangazo yakiwa yanaendelea. Bila hivyo vitu, hata mimi ningesema heri wasiguse.

Na wale wanaosema intaneti imemaliza kila kitu

Wanasema kustrimu kumekuja, kila mtu anachagua programu yake, udhibiti wa nini tena. Wana haki nusu. Kuhama sasa ni kubonyeza tu, huhitaji fundi, hilo ni badiliko kubwa kweli. Lakini haki za mechi bado ni zilezile, na 2024 tuliona Disney, Fox na Warner Bros. Discovery wanataka kuweka michezo yao kwenye huduma moja iitwayo Venu, Fubo, kampuni nyingine ya kustrimu, ikaenda mahakamani ikisema wao wanalazimishwa kununua vifurushi vyenye chaneli wasizozitaka wakati hao wenyewe wanajipa michezo mitupu, Agosti jaji akaisimamisha na Januari 2025 ikaachwa kabisa. Mlango uleule, umepakwa rangi nyingine tu. Halafu anayekuuzia intaneti mara nyingi ndo huyohuyo mwenye huduma ya TV, akiamua TV yake isile bando na ya mwenzake ile bando, umerudi kulekule.

Uchague ipi, inategemea ulipo

Kama nyumba yako inaweza kufikiwa na kampuni tatu nne zenye miundombinu tofauti, chaneli kubwa zipo kwa wote na kifaa unahama nacho, basi kuachia kunatosha, weka tu mtu wa kuangalia wasiungane. Kama kampuni zipo kadhaa lakini mpira na chaneli kubwa zipo kwa mmoja, shida yako haipo kwenye idadi ya kampuni, dai kuuza kwa jumla. Kama ni mmoja tu anayefika, na hakuna hata antena ya bure ya kueleweka, hapo ndo ile sehemu moja niliyosema ninakubali kupanga bei, tena kifurushi cha msingi tu na kifaa chake kihesabiwe humohumo.

Na hiyo bei iwekewe kipimo cha kuisha. Ile sheria ya 1992 ilikuwa nacho: bei inadhibitiwa pale tu ambapo hakuna ushindani wa kweli, na moja ya vipimo ilikuwa wapinzani wawe wanafikia angalau nusu ya kaya za eneo na zaidi ya asilimia 15 ya kaya ziwe zimeshajiunga nao. Ikifika hapo udhibiti wa bei unaondolewa pale mtaani kwa kuangalia kipimo, bila kusubiri mwanasiasa aamue, huku ile kanuni ya kuuziana chaneli ikibaki palepale.